Kupima Dawa za Kulevya kwa Mate Kazini: Kipimo Kinasema Nini, na Hakisemi Nini

Fikiria machimbo ya kokoto saa moja asubuhi, siku ya Jumatatu. Wafanyakazi wamepanga foleni langoni. Msimamizi wa usalama ameweka meza, glavu na boksi la vijiti vya kupimia mate. Dereva wa tingatinga anapewa kijiti akiweke mdomoni. Baada ya dakika chache msimamizi anakitazama, anatikisa kichwa na kusema: “Wewe rudi nyumbani. Kazi imeisha.”

Dereva huyo amekuwa akinywa dawa ya kikohozi yenye kodeini kwa siku tatu. Hakuulizwa kuhusu dawa yoyote. Mate yake hayakupelekwa maabara. Hakupewa nafasi ya kujieleza. Jioni hiyo ana watoto wa kulisha na karo ya kulipa, na habari zake zimeenea kijiji kizima.

Sasa geuza kisa. Dereva amevuta bangi nusu saa kabla ya zamu. Hakuna aliyempima wala kumtazama machoni. Nyuma ya tingatinga yuko kijana anayekusanya mawe, na dereva anarudi nyuma bila kumwona.

Visa hivi viwili ni vya mfano, lakini kila mkaazi anayeajiri au kuajiriwa anaweza kujikuta katika kimojawapo. Somo la toleo hili linaeleza jinsi kipimo cha mate kinavyofanya kazi, jinsi kinavyopaswa kutumiwa, na haki na wajibu wa kila upande.

KWA NINI UPIMAJI KAZINI

Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka wa 2022 ulionyesha kuwa Mkenya 1 kati ya 6 mwenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia angalau aina moja ya kileo au dawa ya kulevya. Kwa pombe pekee, ilikuwa mtu 1 kati ya 8. Huo ndio umri wa watu walioko kazini: wanaoendesha malori, wanaopanda majukwaa ya ujenzi, wanaowasha mashine za kukata mbao na wanaowahudumia wagonjwa usiku.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama na afya ya kila aliye mahali pa kazi. Sheria hiyo hiyo inamtaka mfanyakazi ajilinde mwenyewe na awalinde wenzake dhidi ya madhara yanayoweza kutokana na vitendo vyake. Kwa hivyo anayelewa kazini hajidhuru peke yake, na mwajiri anayefumba macho hawezi kusema hayamhusu.

Kupima ni njia moja tu ya kutimiza wajibu huu. Mafunzo, usimamizi wa karibu, saa za kazi zisizochosha kupita kiasi na msaada kwa aliyeathirika ni njia nyingine. Mwajiri anayenunua vijiti na kuacha hayo mengine hajalinda mtu.

DAWA INAFIKAJE KWENYE MATE

Mate hutengenezwa na tezi zilizo mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Tezi hizo hupata maji yake kutoka kwenye damu. Dawa ikiwa ndani ya damu, sehemu yake hupita na kuingia kwenye mate. Ndiyo sababu mate huweza kuonyesha kilichomo mwilini kwa wakati huo.

Bangi ina tabia yake. Mtu anapovuta, kemikali yake hubaki moja kwa moja kwenye ngozi ya ndani ya mdomo. Kinachopatikana kwenye mate baada ya kuvuta hutoka zaidi mdomoni kuliko kwenye damu. Kwa hivyo kipimo cha mate hukamata bangi mapema sana, hata ndani ya dakika chache, lakini baada ya saa kadhaa hadi siku moja hivi mara nyingi huwa imepungua isionekane tena.

Dawa nyingine, kama kokeini, heroini na zile za jamii ya amfetamini, kwa kawaida huonekana kwenye mate kwa siku moja hadi mbili. Muda hubadilika kulingana na kiasi kilichotumiwa, mazoea ya mtumiaji na kifaa chenyewe.

KIJITI KINASOMWAJE

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu mistari ya kijiti inasomwa kinyume na vile mtu angetarajia.

Ndani ya kijiti mna chembechembe zenye rangi zinazobeba kingamwili. Zifananishe na matatu tupu zinazotoka stejini. Dawa ya kulevya iliyomo kwenye mate ndiyo abiria. Ikiwepo, abiria hupanda matatu mapema na viti vyote hujaa. Mbele kuna kituo kiitwacho T, ambako abiria wengine wamewekwa wakingoja. Matatu tupu husimama hapo kuwapakia, na zikisimama nyingi rangi hukusanyika na mstari huonekana. Matatu zilizojaa hupita bila kusimama, na mstari hauonekani.

Maana yake ni hii:

Mstari wa T ukionekana, hata ukiwa hafifu, dawa haikupatikana kwa kiwango kinachopimwa.

Mstari wa T usipoonekana, dawa inashukiwa kuwepo.

Mstari wa C ni kituo cha mwisho ambacho kila gari lazima lisimame. Usipoonekana, kijiti hicho kimeharibika na matokeo yake hayafai kwa lolote. Chukua kingine.

Msimamizi asiyejua haya anaweza kumfukuza mtu kwa sababu ya mstari hafifu, ilhali mstari hafifu ni mstari. Ndiyo maana anayepima lazima awe amefunzwa kutumia kifaa hicho hasa.

MATE, MKOJO AU PUMZI?

Kila kipimo kina swali lake. Chagua kipimo kulingana na swali unalouliza.

Mkojo hutunza mabaki ya dawa kwa muda mrefu. Kwa bangi unaweza kuonyesha mabaki kwa siku kadhaa, na kwa mtumiaji wa kila siku hata wiki kadhaa. Kwa hivyo mkojo hujibu swali, “Je, mtu huyu ametumia siku zilizopita?” Hausemi kama alitumia leo. Tena mtu hutoa mkojo chooni peke yake, na hapo udanganyifu ni rahisi. Kumsimamia naye ni kumvunjia heshima.

Mate hujibu swali lililo karibu zaidi na usalama wa kazi: “Je, ametumia hivi karibuni?” Hutolewa mbele ya anayepima bila kumvua mtu nguo wala kumfuata chooni. Mwanamke na mwanamume hupimwa kwa njia moja. Kubadilisha mate ya mtu mwingine ni vigumu. Kusukutua au kunywa maziwa si dawa ya kukwepa, kwani mpimaji husubiri na tezi huendelea kutoa mate mapya.

Lakini mate yana upungufu wake. Aliyetumia siku tatu zilizopita huenda asionekane. Baadhi ya dawa, hasa zile za usingizi na kutuliza wasiwasi za jamii ya diazepamu, huingia kwenye mate kwa kiasi kidogo sana na huweza kupita bila kukamatwa. Bangi yenyewe hukausha mdomo, na mate huwa machache.

Pumzi ndiyo njia inayojulikana zaidi ya kupima pombe. Kijiti cha mate cha dawa za kulevya hakipimi pombe isipokuwa kiwe na sehemu maalum ya kazi hiyo. Mwajiri anayetaka kujua kuhusu pombe asitegemee kijiti cha bangi na kokeini.

Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: mate huonyesha kuwa dawa ipo. Hayapimi jinsi mtu alivyolewa. Anayetaka kujua kama mfanyakazi anaweza kuendesha mashine salama lazima pia amtazame: anavyotembea, anavyozungumza, macho yake, na uwezo wake wa kufuata maagizo. Mambo hayo yaandikwe papo hapo na watu wawili walioyaona.

WENGINE WANAFANYAJE

Kipimo hiki si kigeni duniani. Jimbo la Victoria nchini Australia lilianza kupima mate ya madereva barabarani mwezi wa Disemba 2004. Polisi wa Uingereza hutumia kipimo cha mate barabarani kutafuta bangi na kokeini. Marekani, Wizara ya Uchukuzi ilitoa kanuni mwezi wa Mei 2023 ya kuruhusu mate yatumike badala ya mkojo kwa madereva wa malori, marubani na wafanyakazi wengine wa usafiri.

Kanuni hiyo ya Marekani ina funzo. Haikubali kijiti cha langoni kiwe hukumu. Sampuli hugawanywa mara mbili, hupelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa, na kabla ya mwajiri kuambiwa matokeo, daktari huzungumza na mfanyakazi kujua kama kuna dawa ya hospitali inayoeleza matokeo hayo. Mfanyakazi asiyekubaliana anaweza kuomba nusu ya pili ipimwe katika maabara nyingine.

HATUA ZA UPIMAJI ULIO SAWA

1. Sera kwanza. Iandikwe nani atapimwa, lini, kwa nini, na nini kitafuata. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inataka pawe na kamati ya usalama na afya. Sera ipitie hapo, isomwe kwa lugha inayoeleweka, na kila mtu apate nakala kabla ya siku ya kwanza ya kupima.

2. Usawa. Kama ni kwa bahati nasibu, meneja naye awe kwenye orodha. Kama ni kwa kushuku, sababu iandikwe. Kipimo kisitumike kumwandama anayedai malipo yake au kiongozi wa chama cha wafanyakazi.

3. Faragha na ridhaa. Mfanyakazi aelezwe kinachopimwa na atie sahihi. Chumba kiwe cha faragha, si langoni mbele ya foleni.

4. Kusubiri. Asile, asinywe, asivute sigara wala kutafuna chochote kwa angalau dakika 10 kabla ya kutoa mate. Mdomo utazamwe kama uko mtupu.

5. Kifaa. Pakiti ifunguliwe mbele yake na tarehe ya mwisho ya matumizi isomwe. Vifaa vingi havitakiwi kuwekwa kwenye joto linalopita nyuzi 30. Boksi lililokaa ndani ya gari juani halifai tena.

6. Usafi. Anayepima avae glavu mpya kwa kila mtu, na vijiti vilivyotumika vitupwe kama taka za kiafya.

7. Kusoma. Matokeo yasomwe ndani ya muda ulioandikwa na mtengenezaji. Kijiti kilichosahauliwa mezani kwa saa nzima kisisomwe tena.

8. Kuthibitisha. Matokeo ya kushuku yaitwe “hayajathibitishwa”. Sampuli ya pili ifungwe, iandikwe nambari, itiwe sahihi na wote wawili, na ipelekwe maabara yenye mashine inayotambua kila kemikali kwa uzito wake. Kila anayeishika aandike jina na saa.

9. Kusikiliza. Kabla ya uamuzi, mfanyakazi aulizwe na mhudumu wa afya kuhusu dawa anazotumia. Aonyeshe cheti cha daktari au pakiti kutoka duka la dawa.

Wakati wa kusubiri maabara, mtu wa mashine hatari anaweza kupewa kazi nyingine au kupumzishwa. Huko ni kuzuia ajali, si adhabu, na kusimuliwe hivyo.

HESABU NDOGO YENYE FUNZO KUBWA

Mbona maabara ni lazima? Tufanye hesabu. Nambari hizi ni za kujifunzia tu, si za kifaa chochote.

Tuseme kampuni ina wafanyakazi 1,000, na 20 kati yao wametumia dawa. Kijiti hukamata watumiaji 90 kati ya kila 100. Lakini pia huwashuku kimakosa watu 5 kati ya kila 100 wasiotumia.

Kati ya wale 20, kijiti kitakamata 18. Kati ya wale 980 wasiotumia, kitawashuku 49. Jumla ya walioshukiwa ni 67.

Tazama vizuri: kati ya watu 67 walioshukiwa, ni 18 tu waliotumia. Wengine 49 hawana hatia. Mwajiri anayefukuza kwa kijiti pekee atawafukuza wasio na hatia wengi kuliko wenye hatia, na bado watumiaji 2 watabaki kwenye mashine. Hivi ndivyo inavyokuwa kila mahali ambapo watumiaji ni wachache. Kijiti ni cha kuchuja, na maabara ndiyo ya kuthibitisha.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 44, inataja ulevi wakati wa kazi, unaomfanya mtu asiweze kufanya kazi yake vizuri, kuwa miongoni mwa sababu zinazoweza kumfanya afutwe kazi papo hapo. Angalia maneno hayo: si kuwepo kwa dawa tu, bali kushindwa kufanya kazi ipasavyo.

Hata hivyo, kifungu cha 41 kinamlazimu mwajiri kumweleza mfanyakazi tuhuma kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na kusikiliza majibu yao kabla ya kuamua. Kifungu cha 43 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu ya kumfuta. Akishindwa, ufutaji huo huhesabiwa si wa haki, na mfanyakazi anaweza kulipwa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Aliyefutwa anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3. Anaweza pia kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kabla ya miaka 3 kupita. Ahifadhi barua, nakala ya sera, hati za malipo, na pakiti ya dawa aliyokuwa akitumia.

Kuhusu siri, Katiba katika kifungu cha 31 inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Matokeo ya kipimo yasibandikwe kwenye ubao, yasitumwe kwenye kikundi cha WhatsApp, na yasiambiwe mwajiri mwingine kwa simu. Aliyeanikwa anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kwa upande wa mfanyakazi, kukataa kupimwa ilhali sera ilielezwa na kutiwa sahihi kunaweza kuchukuliwa kuwa utovu wa nidhamu. Kama una sababu, itoe kwa maandishi. Na kama unatumia dawa ya hospitali inayoleta usingizi, mweleze mhudumu wa afya wa kazini mapema, si baada ya kipimo.

VIPI KUHUSU MIRAA?

Wengi huuliza. Miraa na mugoka vina kemikali ya kusisimua iitwayo kathinoni. Ni jamaa ya amfetamini, lakini si kila kijiti kimetengenezwa kuitambua. Hapa Kenya miraa ni zao linalotambuliwa na sheria, na kulitafuna si kosa kama kuvuta bangi. Hata hivyo, dereva aliyekesha akitafuna anaweza kusinzia ghafla nguvu za miraa zinapoisha. Sera nzuri hushughulikia uchovu huo, hata kama kijiti hakioni kitu.

ALIYEKAMATWA SI ADUI

Matokeo yakithibitishwa, uraibu ni ugonjwa unaotibika. Kumfukuza mtu mara ya kwanza bila msaada mara nyingi humrudisha mtaani akiwa na shida ile ile, bila mshahara. Waajiri wengi hupata faida kumpa ruhusa ya matibabu, kisha makubaliano ya kurudi kazini na kupimwa tena kwa muda. Fundi mwenye ujuzi wa miaka kumi hapatikani dukani.

NACADA ina nambari ya simu isiyolipiwa, 1192, kwa ushauri. Kwa waraibu wa heroini, matibabu ya methadoni yametolewa katika kliniki za umma nchini tangu 2014. Mtu aliye kwenye matibabu hayo asihesabiwe kuwa anatumia mihadarati. Anakunywa dawa aliyoandikiwa, na kadi yake ya kliniki iheshimiwe.

JIPIME

Swali la 1: Mstari wa C umeonekana wazi na wa T ni hafifu. Je, mfanyakazi amepatikana na dawa?
Jibu: La. Mstari hafifu ni mstari. Dawa haikupatikana.

Swali la 2: Mfanyakazi alivuta bangi wiki iliyopita na leo yuko sawa. Ni kipimo gani kina uwezekano mkubwa wa kuonyesha hivyo?
Jibu: Mkojo. Mate huonyesha matumizi ya hivi karibuni, ambayo ndiyo yanayogusa usalama wa leo.

Swali la 3: Kijiti kimemshuku dereva wa lori. Mwajiri afanye nini kwanza?
Jibu: Amwondoe kwenye usukani bila kumwaibisha, sampuli ya pili ipelekwe maabara, na aulizwe kuhusu dawa anazotumia. Uamuzi usubiri hayo yote na kikao cha kumsikiliza.

Swali la 4: Dereva wa tingatinga wa mwanzo wa somo letu angefanya nini?
Jibu: Aandike siku hiyo hiyo kila kilichotokea, ahifadhi chupa ya dawa na risiti, aombe kwa barua matokeo ya maabara na kikao cha kusikilizwa, na akinyimwa aende ofisi ya leba kabla ya miezi 3 kuisha.

Isome nakala hii na wenzako kazini, kisha muulize kamati yenu ya usalama: je, sera yetu iko wapi? Kama haipo, anzeni kuiandika kabla ya boksi la vijiti kufika langoni.